Dawa ile ile, mtoto yule yule: mara ya pili mbona haikukata?

Mama wa Mtongwe
Jumapili, saa tatu usiku

Assalaam alaykum. Mie si mtu wa kuandika, kazi yangu ni mahamri na mbaazi, saa kumi alfajiri niko na unga. Lakini kuna jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa, na kila nimuulizaye ananijibu "shukuru Mungu mtoto yu hai". Nashukuru. Na bado nataka kujua.

Mwanangu wa pili ana miaka 11, kifafa kilimwanza akiwa na 7. Dawa yake ilikuwa fenobabitali, kile kidonge cheupe kidogo, kila usiku kabla ya kulala. Mwaka jana kilimshika mchana, yuko uani ananishikia chujio. Zahanati haikuwa mbali, nilimbeba mwenyewe mgongoni mikono ikiwa na unga hadi viwikoni. Nesi akavuta dawa kwa bomba la sindano, akaing'oa ile sindano yenyewe, akamtia mtoto kwa nyuma. Wallahi sijamaliza kusoma Ayatul Kursiy mtoto kalegea, kaanza kukoroma. Nikauliza jina la dawa, nikaliandika kwenye jalada la daftari langu la madeni: diazepamu. Liko mpaka leo, chini ya jina la mtu anayenidai sukari.

Mara ya pili ndiyo hii. Miezi minane hajaanguka. Nyanyake akaja kutoka Lamu kukaa nasi, akasema mtoto ameshapona, hizi dawa zinamlaza bure. Ustadhi wa madrasa naye alikuwa ashalalamika kwamba analala juu ya juzuu. Basi vidonge vilipoisha sikwenda kuchukua vingine. Sikupunguza, niliacha. Msinitupie mawe, nimeshajitupia ya kutosha.

Siku ya tisa, saa saba usiku, kikamshika. Nyanyake akasema kwanza tufukize ubani, tumsomee, kitapita. Tukangoja. Hakikupita. Zahanati imefungwa. Tukapata tuktuk, tunafika kivukoni feri ndiyo kwanza inang'oa. Nimekaa mle ndani, mtoto mapajani, mkono wake wa kulia unanipiga kifuani, pu, pu, pu, kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi, na mie naziangalia taa za feri zikienda zake kisiwani. Mpaka tunafika hospitali nahesabu dakika 50.

Wakamtia diazepamu. Nikaanza Ayatul Kursiy yangu nikijua nitafika pale pale. Nikamaliza, nikarudia. Wakatia ya pili, ya mshipa. Wapi. Kisha wakamtundikia nyingine, hiyo ndiyo iliyomtuliza, akalazwa siku nne.

Sasa yu nyumbani, anakula, anagombana na dadake. Dakta anampandishia Tegretol kidogo kidogo huku akiishusha fenobabitali.

Ninalouliza ni hili. Dawa ile ile, mtoto yule yule, mara ya kwanza ikakata kabla sijamaliza aya moja, mara ya pili ikagoma. Ilikuwa mbovu? Mwanangu mkubwa katafuta kwenye simu, akaniambia dawa hizi "zinashika vipokezi vya ubongo". Vipokezi ndio nini? Na kama Tegretol nayo inashika hivyo hivyo, tunabadilisha nini?

---

Mwana wa Kisauni

Pole mama. Mie naona dawa ilikaa kwenye joto ikafa nguvu, si unajua jua la huku. Na kama diazepamu inakata haraka hivyo, si ununue Valium uwe unampa nusu kila usiku? Yaishe.

---

Babu Chupa

Waalaykum salaam bibiye, na pole. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa huko Bondeni miaka 31, sasa nimestaafu na macho yamechoka, kwa hivyo herufi zikikosana mnisamehe.

Wewe wa Kisauni, Valium ndiyo hiyo hiyo diazepamu, na kila usiku usimwambie mtu tena. Nitarudi kwako.

Bibi, swali lako si la kijinga hata kidogo. Wanaofanyia utafiti ubongo walianza kulipatia jibu zuri miaka ya 1990 na 2000, mie nikiwa nimeshauza diazepamu nusu ya umri wangu bila kujua.

Seli za ubongo zinasemezana kwa umeme, na pale seli moja inapokutana na nyenzie, umeme unageuka kemikali. Kuna kemikali za kuchochea na kuna za kutuliza. Kubwa ya kuchochea inaitwa glutameti. Kubwa ya kutuliza inaitwa gaba, iligunduliwa kuwamo ubongoni mwaka 1950. Kifafa ni seli nyingi kuwaka kwa mdundo mmoja, zote kwa pamoja, kama ngoma iliyokosa wa kuikatiza.

Gaba ikitolewa na seli hii inatua kwenye utando wa seli ile, na mahali inapotua ndipo panapoitwa kipokezi. Mie nakiona kama mlango. Ni vipande vitano vya protini vimesimama duara, katikati pana tundu. Gaba ikikaa mahali pake, tundu linafunguka na chembe za kloraidi zinaingia. Ni kloraidi ile ile iliyo kwenye chumvi yako ya unga. Ina chaji hasi, basi ikiingia seli inapoa, hata ikichokozwa haiwaki upesi.

Sasa diazepamu. Watu hudhani yenyewe ndiyo inayofungua mlango. Haiufungui. Gaba inakaa kwenye ufa mmoja kati ya vile vipande, diazepamu inakaa kwenye ufa mwingine kabisa. Kazi yake ni kama mafuta ya nazi kwenye bawaba: abishaye hodi bado ni gaba, lakini kwa mafuta yale mlango unafunguka mara nyingi zaidi. Fenobabitali nayo ina ufa wake, na yenyewe naiita kabari. Mlango ukishafunguka, unakaa wazi muda mrefu zaidi. Na kabari ukiipiga kwa nyundo, yaani dozi ikiwa kubwa mno, mlango unafunguka hata gaba isibishe. Ndiyo sababu fenobabitali tulikuwa tukiifungia kabatini na ufunguo nakaa nao mie mwenyewe: mtu akizidisha anaacha kupumua.

Turudi kwenye usiku wako. Usifikirie mlango wa nakshi wa Mji wa Kale, uliojengewa kwenye ukuta wa mawe na kukaa miaka mia. Utando wa seli ni laini, milango inaelea juu yake, na seli ina tabia ya kuivuta ndani na kuirudisha nje kila siku. Kifafa kikiendelea bila kukatika, seli inazidi kuivuta ile milango ya gaba ndani, kwenye ghala lake. Hili limeonekana kwa panya wa maabara: mtukutiko ukiwa bado mchanga, dozi ndogo ya diazepamu inaukata, ukikaribia saa nzima, dozi ile ile haifui dafu. Na wakati milango ya kutuliza inaingizwa ndani, vipokezi vya glutameti vinazidi kutokeza nje. Breki inang'olewa huku mguu uko kwenye mafuta.

Kwa hivyo diazepamu ilifika hospitalini na kopo lake la mafuta, ikakuta bawaba nyingi hazipo ukutani. Dawa yenyewe nadhani ilikuwa nzima. Mara ya kwanza ulimfikisha katika dakika chache, milango yote ingaliko.

Ndiyo maana madaktari siku hizi hawangoji. Zamani walihesabu dakika 30 ndipo waite ni hali ya hatari. Sasa ni dakika 5. Mtukutiko ukipita 5, uwezekano wa kukatika wenyewe unakuwa mdogo, na kila dakika inayokwenda milango inapungua.

Hebu niambie, ile ya mwisho waliyomtundikia, iliyomtuliza, ilikuwa ipi? Kwenye karatasi ya kutoka hospitali itaandikwa.

---

Mama wa Mtongwe

Babu, nimekwenda kuitafuta hiyo karatasi. Ilikuwa ndani ya msahafu.

Imeandikwa fenobabitali. Ya mshipa.

Ile ile niliyomwachisha.

---

Babu Chupa

Ndiyo niliyoidhania, bibi. Kunywa maji kwanza.

Kwa nini kabari ilishika pale mafuta yaliposhindwa? Milango ya gaba haiko ya aina moja. Ile ya mbele, pale seli mbili zinapokabiliana, ndiyo diazepamu inayoijua, na ndiyo inayovutwa ndani upesi. Lakini kuna mingine iko ubavuni na uani, mbali na pale panapotua gaba nyingi. Hiyo imeundwa kwa kipande cha tano cha namna nyingine, diazepamu haina ufa wa kukaa, na kifafa hakiing'oi kwa kasi ile. Fenobabitali inaishika. Tena fenobabitali kwa dozi ya mshipa inapunguza na ule uchochezi wa glutameti. Inaingia kwa njia mbili.

Kuna hospitali wanaotumia nyingine hatua hiyo: fenitoini, valproeti, levetirasetamu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2019 uliwapa wagonjwa ambao benzodiazepini (ndilo kabila la diazepamu) zimewashinda mojawapo ya tatu: levetirasetamu, fosfenitoini au valproeti. Kila moja ilikata kwa karibu nusu ya watu. Nusu tu. Nakuambia uone kwamba usiku ule hospitali haikuwa na kidonge cha uchawi ikakuficha.

Na kuhusu kuacha ghafla. Fenobabitali inakaa sana mwilini, inachukua siku kadhaa kupungua nusu, siku kadhaa nyingine nusu ya iliyobaki. Ndiyo sababu siku ya pili hukuona kitu, ya tano hukuona kitu, ukajipa moyo. Ubongo kwa miaka minne ulikuwa umeshaizoea ile kabari, umejipanga ukitegemea milango itakaa wazi muda mrefu. Kabari ilipotoka, milango ikawa inajifunga upesi kuliko hata ya mtoto asiyewahi kumeza dawa. Mimi nimemwona mtu mzima, mpiga randa, akianguka dukani kwangu mbele ya kaunta amekuja kununua zile zile alizoziacha wiki iliyotangulia.

Sasa kijana wa Kisauni. Mafuta kwenye bawaba kila siku, mwisho wake bawaba inayazoea. Diazepamu ya kila usiku kwa kifafa kwa wengi inapoteza makali baada ya wiki au miezi, na ukitaka kuiacha unakutana na balaa niliyokwisha kuieleza. Kuna ndugu zake, kama klobazamu na klonazepamu, ambazo daktari humpa mgonjwa kila siku kwa aina fulani za kifafa, lakini anajua anachofanya na anafuatilia. Diazepamu ni ya kuzimia moto. Hatuweki gari la zimamoto sebuleni.

---

Mwana wa Kisauni

Nimekoma babu. 😂 Lakini joto je?

---

Babu Chupa

Joto ni kweli linaharibu dawa, weka kivulini. Lakini swali la mama lina jibu hata kama dawa ingekaa kwenye barafu.

---

Chiriku

Naomba niingilie. Binti yangu ana miaka 17, yeye anatumia valproeti miaka miwili na hajaanguka. Ni mlango huo huo wa gaba? Na fenobabitali kwa nini wanasema ni ya zamani sana, babu?

---

Babu Chupa

Ni ya zamani ndiyo. Ilianza kutumika kwa kifafa 1912, Mjerumani mmoja aitwaye Alfred Hauptmann alikuwa akiwapa wagonjwa wa kifafa ili walale usiku, kwa kuwa walikuwa wakimsumbua wodini, akaona kumbe wakilala hawaanguki, na mchana pia hawaanguki. Wakati huo iliuzwa kwa jina la Luminal. Miaka mia na zaidi na bado iko rafu ya chini ya kila duka la dawa, kwa sababu ni rahisi bei na kwa wengi inafaa. Kulaza watu ndiko kulikomfanya aione, na kulaza watu ndiko kunakomponza mtoto wa Mama wa Mtongwe madrasani: milango ya gaba imetapakaa ubongo mzima, kabari haichagui mlango wa kifafa ikauacha wa usingizi. Watoto wengine badala ya kulala wanakuwa wakorofi, hawatulii kitini. Wazazi hawaamini ukiwaambia ni dawa.

Valproeti ni kiraka. Inagusa gaba kwa kuzuia isivunjwe upesi, inagusa vijia vya sodiamu (vitundu vya seli vya kupitishia chembe za sodiamu), na mengine. Hadithi yake naipenda. Ilitengenezwa 1882, ikakaa kama kimiminika cha kuyeyushia kemikali nyingine tu. Mwaka 1962 huko Ufaransa, Grenoble, kijana Pierre Eymard alikuwa akijaribu dawa zake mpya, anaziyeyusha kwa valproeti. Zote zikafanya kazi! Dawa tofauti tofauti na zote zinazuia kifafa. Ikabainika kuwa iliyokuwa ikifanya kazi ni ile ya kuyeyushia. Ni kama mtu asifiwe kwa biriani, wali na nyama, na kumbe utamu wote ni samli.

Lakini Chiriku mwanangu, kwa binti wa 17 nina neno, na nakuomba usilichukulie kinyume. Valproeti ikitumiwa wakati wa ujauzito, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya maumbile, uti wa mgongo ukiwa miongoni mwake, na wengi zaidi hupata taabu ya akili na kujifunza baadaye. Usimwachishe, umeona hapo juu kuacha kunaleta nini. Mpeleke kwa daktari wake mzungumze mapema, kabla hata ya habari za posa. Binti naye awemo kwenye mazungumzo hayo.

---

Chiriku

Sikuwahi kuambiwa. Ahsante babu. Jumatano nampeleka.

---

Mama wa Mtongwe

Babu hujanijibu Tegretol.

---

Babu Chupa

Umenishika. Umri huu.

Neno "vipokezi" hapo mwanao mkubwa kalichukua likabeba mzigo usio wake. Dawa za kifafa zote zinaitwa kwa jina moja, lakini si zote zinazogusa vipokezi. Tegretol, jina lake la kemia kabamazepini, haigusi mlango wa gaba. Na kuna gabapentini, ambayo jina lake lina gaba mbele, nayo haikai kwenye mlango wa gaba. Inakaa kwenye vijia vya kalisiamu. Waliompa jina walimwita mtoto kabla ya kumwona uso.

Tegretol inakwenda kwenye vijia vya sodiamu, ambavyo seli hutumia kujiwasha. Umesimama kivukoni mara nyingi kuliko mie. Geti linafunguliwa, watu wanamiminika, geti linafungwa, na mlinzi anakaa kidogo kabla hajafungua tena. Kijia cha sodiamu kina tabia hiyo: kinafunguka, kinajifunga, kinapumzika, kisha ndipo kiwe tayari tena. Tegretol, na fenitoini pia, inakishika kikiwa mapumzikoni na kukichelewesha kidogo. Asubuhi ya Jumapili, watu wawili watatu wanapita, kuchelewa huko hakuna anayekuhisi. Saa kumi na mbili ya Jumatatu, umati unasukumana, ndipo mlinzi mvivu anapoonekana. Seli inayofanya kazi yake ya kawaida inapita karibu bila kizuizi, inayojiwasha mfululizo kama ya kifafa inabaki nje ya geti.

Kwa hivyo mnabadilisha njia yenyewe. Na ndiyo maana dakta hakuitoa kabari siku moja. Anaweka mlinzi getini kwanza, kisha anaitoa kabari kwa vipande. Asije mtu akakwambia "sasa ana Tegretol, ile nyingine itupe".

Mambo mawili ya Tegretol. Ini linaizoea: kadiri wiki zinavyokwenda ini linajifunza kuivunja upesi, kwa hivyo dozi iliyotosha wiki ya kwanza haitatosha ya tano. Dakta akiipandisha usiogope kwamba ugonjwa umezidi. La pili ni upele. Ukiona vipele vimetoka wiki za mwanzo, au vidonda mdomoni, usingoje kesho.

---

Msafiri wa Jomvu

Mie ndiye mgonjwa mwenyewe, kifafa tangu darasa la sita na sasa nina miaka 34. Niliendesha tuktuk mwaka na nusu nikificha, nikaacha siku nilipozinduka nimegonga mkokoteni wa maji na mwenye mkokoteni ndiye aliyenishikia kichwa. Sasa nauza viatu Mwembe Tayari, nimekaa chini, hata nikianguka naanguka karibu.

Mama, Tegretol wiki mbili za kwanza nilikuwa naona vitu viwili viwili. Feri mbili, taa mbili, wateja wawili na pesa ya mmoja. Ikapita. Mwanao akikuambia kichwa kinazunguka msikilize, mwambie dakta, usidhani anakwepa madrasa.

Na Ramadhani, hili sikuambiwa na mtu nililijua kwa kuumia. Tegretol yangu ilikuwa asubuhi na jioni. Mwaka wa kwanza nikajifanya mkakamavu, ya asubuhi nikairuka nikimeza moja wakati wa kufuturu. Siku ya nne nikaanguka msikitini katikati ya tarawehe. Sasa dakta kanipa ya kukaa mwilini muda mrefu, moja daku moja futari, na sheikh wangu mwenyewe kaniambia nikishindwa nile, mgonjwa ana ruhusa. Ila kinachoniangusha zaidi hata ya kuruka dawa ni kukosa usingizi. Tarawehe, baraza, kahawa chungu mpaka saa nane, daku, kazini. Na msinitajie muguka. Nilikuwa natafuna ili nisilale, nikawa naanguka mara tatu kwa wiki na kulaumu dawa.

---

Babu Chupa

Msafiri kasema kuliko mie. Usiku bila usingizi unaichokoza seli, na muguka ni kichochezi juu yake. Dawa inashika geti huku wewe unaleta umati mwingine.

Nimesahau kitu kimoja, mke wangu ndiye aliyenikumbusha hapa. Balungi! Balungi na juisi yake huzuia ule uvunjaji wa Tegretol, dawa inapanda kwenye damu, mtoto anayumba kama mlevi. Machungwa ya kawaida hayana neno.

Na bibi, muulize dakta kama anaweza kukupa dawa ya kuweka nyumbani. Iko ya kutia kwa nyuma kama ile ya nesi, na iko midazolamu ya kumiminia kati ya shavu na ufizi, akufundishe wewe na nyanyake wote wawili. Feri haitawahi dakika tano. Kikimshika, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa.

---

Mama wa Mtongwe

Nimerudi kliniki leo. Dakta kanipa ya shavuni, chupa mbili, na kampandishia Tegretol robo kidonge. Nilimwambia ini linaizoea, akanitazama akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia kwa Babu Chupa.

Saa ya ukutani nimeihamisha kutoka sebuleni, sasa iko mkabala na kitanda chake, ile kubwa yenye mshale wa sekunde. Nyanyake nimemsomea yote haya, kila jibu, mpaka la muguka. Alikaa kimya. Kisha akauliza ile milango ikishaingia ndani inarudi? Mie sikujua la kumjibu.

---

Babu Chupa

Mwambie inarudi. Seli inairudisha, na mingine inaunda mipya. Mtoto anagombana na dadake, au sivyo?

---

Mama wa Mtongwe

Hivi sasa wanagombea balungi. Nimewanyang'anya wote wawili.